Kuanza Kazi ya Kutengeneza Tovuti Ukubwani: Mwongozo kwa Watu wa Arusha na Moshi

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii wakiwa wamevuka miaka 40 huuliza kwanza wajifunze lugha gani ya kompyuta. Jibu lake ni fupi na tutalifikia. Kabla ya hilo kuna swali zito zaidi: miaka 15 au 20 iliyopita umekuwa ukifanya kazi gani? Mhasibu wa hoteli, mwalimu wa shule ya bweni, mpagazi aliyepanda cheo hadi akawa kiongozi wa wageni mlimani, nesi, karani wa chama cha msingi cha kahawa, kila mmoja ana kitu ambacho kijana wa miaka 22 mwenye vidole vyepesi hana. Anaijua kazi ya mteja kwa ndani.

Chukua tovuti ya kampuni inayopandisha wageni Kilimanjaro. Fundi asiyeujua mlima ataweka picha ya mahema kwenye ukurasa wa njia ya Marangu. Mtu yeyote wa Moshi aliyewahi kupanda ataliona kosa papo hapo, kwa sababu Marangu ndiyo njia ambayo wageni hulala kwenye vibanda: Mandara, Horombo na Kibo. Mahema ni ya Machame, Lemosho na Umbwe. Mgeni anayelinganisha kampuni tano akiwa kwake Ujerumani akiona picha haiendani na maelezo, anafunga ukurasa na kwenda kwa mwingine. Aliyefanya kazi mlimani halikosei jambo hilo. Tena anajua kwamba kila mgeni atauliza kama bei imejumuisha ada za hifadhi na usafiri kutoka uwanja wa ndege wa KIA, na kama bakhshishi ya wapagazi iko ndani au nje.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni karatasi na kalamu. Andika maswali kumi ambayo wateja wa kazi yako ya zamani walikuwa wakiuliza kila wiki, kwa maneno yao wenyewe. Chini ya kila swali andika jibu la sentensi mbili au tatu. Karatasi hiyo ndiyo maudhui ya tovuti yako ya kwanza, nayo itakuonyesha wateja wako wa mwanzo ni akina nani. Mwalimu aanze na shule. Karani wa kahawa aanze na wakulima na wachomaji kahawa. Ukianza na fani ngeni pamoja na ufundi mgeni, utabeba mizigo miwili kwa mpigo.

Kompyuta, na macho yako

Laptop iliyotumika inatosha. Tafuta yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 8, na diski ya SSD ya GB 256. Kizazi cha 8 kina sababu yake: Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya hapo, na Windows 10 ilisitishiwa huduma Oktoba 2025. Ukiwa na mashine ya zamani zaidi, weka Linux Mint, mfumo wa uendeshaji unaokaa mahali pa Windows. Ni bure, na kwa kazi hii haikupunguzii kitu. Dukani usikubali kuijaribu ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Ichomoe, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika `powercfg /batteryreport`, kisha fungua ripoti itakayotokea. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, shusha bei au achana nayo, maana siku umeme utakapokatika katikati ya kazi ndiyo siku utakayoihitaji.

Sasa macho. Jambo hili hupuuzwa, na ndilo linalowafanya watu wazima wengi waamini kwamba “kompyuta imewakataa.” Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu, na vitu vya karibu huanza kufifia. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Skrini iko sentimita 50 hadi 70. Ukiitumia miwani ya kitabu utasogeza kichwa mbele, na ukiwa na miwani ya lenzi mbili utainua kidevu ili uangalie kwa sehemu ya chini. Baada ya saa mbili shingo inauma na unadhani ni uzee. Pima kwa futi umbali kutoka jicho lako hadi kwenye skrini, uende nao kwa daktari wa macho (Moshi kuna idara ya macho pale hospitali ya KCMC), na uombe miwani ya umbali huo. Kwenye VS Code, programu ya bure ya kuandikia msimbo wa tovuti, maandishi huanza na ukubwa wa 14. Yapandishe hadi 18 au 20. Bonyeza Alt na Z ili mistari mirefu ijikunje badala ya kupotelea kulia. Kila baada ya dakika 20 inua macho uangalie kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20.

Kujifunza: mpangilio na muda

Jibu fupi tuliloliahidi: HTML, kisha CSS, kisha JavaScript kidogo. HTML ni mifupa ya ukurasa, CSS ni mavazi yake, JavaScript ni mwendo. Ukitenga saa nane hadi kumi kwa wiki, jipe wiki sita za HTML pamoja na CSS ya mwanzo, miezi mitatu ya CSS peke yake, na miezi miwili ya JavaScript. Wengi huikimbia CSS mapema kwa sababu JavaScript inasikika kuwa kazi ya wataalamu. Hilo ni kosa. Mteja wa Njiro au Soweto hatajua ulichoandika kwa JavaScript, lakini ataona maandishi yaliyobanana na picha iliyotoka nje ya skrini ya simu yake.

Tovuti ya freeCodeCamp inatoa mafunzo bure ya mpangilio huu, na tovuti ya MDN ni kamusi ya kila neno la HTML na CSS. Maelezo ni ya Kiingereza, lakini ni Kiingereza chepesi chenye mifano. Tumia maandishi zaidi ya video: saa moja ya video hula bando kubwa, na huwezi kuirudia sentensi moja ya video kwa urahisi unavyorudia mstari wa maandishi. VS Code na kivinjari vyote hufanya kazi bila intaneti. Pakua unachohitaji mara moja, ukazoee ukiwa nje ya mtandao.

Namna ya kujifunza nayo ina tofauti ukubwani. Kijana hukariri kwa kurudia ovyo. Mtu mzima hushika jambo akilielewa sababu yake. Basi kila unapoandika mstari wa CSS, ubadilishe namba na utazame kinachotokea. Fungua ukurasa kwenye Chrome, bonyeza F12, chagua kisanduku, na uone tofauti ya `padding` na `margin`. Ya kwanza ni nafasi iliyo ndani ya mpaka wa kisanduku, kama pamba ndani ya godoro. Ya pili ni nafasi ya nje, kati ya kisanduku na jirani yake. Asiyeitofautisha hiyo miwili atahangaika mwaka mzima akisogeza vitu kwa kubahatisha. Baada ya hapo jifunze `flex` kwa kupanga vitu kwenye mstari mmoja, na `grid` kwa kupanga safu na nguzo. Hizo mbili zinatosha kujenga karibu kila tovuti ya biashara ndogo.

Makosa yatakayokupotezea siku nzima ni machache, na yanajulikana.

La kwanza ni majina ya faili. Kwenye Windows, `Simba.JPG` na `simba.jpg` ni kitu kimoja. Seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti mtandaoni, nyingi hutumia Linux, na huko ni faili mbili tofauti. Tovuti inafanya kazi vizuri nyumbani, ukiipandisha mtandaoni picha zote zinatoweka. Dawa yake ni kuandika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, ukitumia kistari: `simba-ngorongoro.jpg`.

La pili ni njia ya faili. Ukiona `C:/Users/` mahali popote ndani ya msimbo wako, umeiambia tovuti itafute picha kwenye laptop yako, ambayo mgeni wa Ufaransa hana. Weka picha kwenye folda ya `picha` iliyo ndani ya mradi, na uandike `picha/simba-ngorongoro.jpg`.

La tatu ni mstari huu kukosekana sehemu ya juu ya ukurasa:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Bila huo, simu hudhani ukurasa ni wa kompyuta, huuchora kwa upana wa pikseli 980 hivi, kisha huusinyaza hadi maandishi yawe kama sisimizi. Watu hupoteza siku wakirekebisha CSS ilhali CSS haina kosa. Ukishauweka, bonyeza Ctrl, Shift na M ndani ya zana za Chrome, uuangalie ukurasa kwa upana wa pikseli 360, ambao ni wa simu nyingi za Android.

Picha zinastahili aya yake, hasa Arusha. Kila kampuni ya safari ina picha za kamera kubwa, moja ina MB 6 au 8. Ukiweka kumi kwenye ukurasa wa mwanzo, ukurasa una MB 70, na mgeni aliyeko kwenye intaneti ya hoteli hatausubiri. Punguza upana hadi pikseli 1600 kwa picha kubwa ya juu na 800 kwa picha ndogo, zigeuze ziwe WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, na ulenge KB 200 au chini ya hapo kwa kila moja. Tovuti ya Squoosh hufanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Kisha pima kasi ya ukurasa kwa PageSpeed Insights, chombo cha bure cha Google. Kipimo cha kutazama ni muda ambao kitu kikubwa zaidi cha juu kinachukua kuonekana, na Google wanataka usizidi sekunde 2.5. Na usichukue picha ya tembo kutoka kwenye tovuti ya mtu mwingine. Picha ina mwenyewe, na mji huu ni mdogo.

Tovuti tatu za mazoezi

Kabla ya kumwendea mteja, tengeneza tatu, zote za fani yako ya zamani. Ya kwanza iwe ukurasa mmoja: jina, huduma, mahali, saa za kazi, na kitufe cha WhatsApp. Kitufe hicho huandikwa `https://wa.me/255` kisha tarakimu tisa za namba, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Sifuri ikibaki, kitufe hakiendi popote, na mteja hatajua kwa nini simu haziji. Ya pili iwe ya kurasa tano au sita, yenye yale maswali kumi. Ya tatu iwe ya lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, kila ukurasa ukiwa na alama ya lugha yake, `lang="sw"` au `lang="en"`, ili vivinjari na programu zinazowasomea wasioona zitamke sawasawa. Ziweke kwenye GitHub Pages, ambako kuhifadhi ni bure. Mpe mtu wa rika lako simu, umwombe atafute bei ndani ya tovuti, nawe ukae kimya. Akipotea, tatizo ni la tovuti.

WordPress, mfumo wa kujenga na kuendesha tovuti, utaifikia tu, kwa kuwa zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani huitumia na wateja wengi tayari wanayo. Ijifunze baada ya CSS, isiwe kabla. Usiweke kamwe kiolezo cha kulipia ulichopata bure kwenye tovuti ya uchochoroni; vingi hubeba msimbo wa kuiba au kupeleka wageni kwenye kamari. Plagini, yaani programu ndogo za kuongezea WordPress uwezo, ziwe chache, zisasishwe kila mwezi, na nakala ya tovuti nzima ikae mahali pengine nje ya seva.

Kikoa, seva na barua pepe

Hapa ndipo fundi mpya humpoteza mteja, na mara nyingi si kwa ubaya wa tovuti.

Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lisajiliwe kwa jina la mteja, kwa barua pepe ya mteja, na nywila akabidhiwe yeye. Ni rahisi kulisajili kwa jina lako kwa kuwa una haraka na mteja hajui. Miaka mitatu baadaye mmegombana au umehama, kampuni inashindwa kulihuisha jina lake yenyewe, na habari hiyo itazunguka kuanzia Sakina hadi Usa River. Vikoa vya .tz viko chini ya TCRA na hununuliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Biashara huchukua .co.tz, mashirika yasiyo ya kiserikali .or.tz, shule .sc.tz, vyuo .ac.tz. Kampuni za utalii mara nyingi hutaka .com kwa ajili ya wageni. Wachukue zote mbili, moja ielekezwe kwenye nyingine. Weka tarehe ya kuhuisha kwenye kalenda yako na ya mteja, mwezi mmoja kabla.

Ukihamisha tovuti ya zamani kwenda seva mpya, ulizia kwanza barua pepe za ofisi zinakaa wapi. DNS ni orodha inayoonyesha kila kikoa kinaelekezwa seva gani, na rekodi zake zinazoitwa MX ndizo zinazoelekeza barua. Ukibadilisha seva za majina, zile zinazotunza orodha hiyo, bila kuzinakili, tovuti mpya itapendeza na barua za ofisi zitakatika siku hiyohiyo. Kwa kampuni ya safari, barua zilizopotea kwa siku mbili za mwezi Juni zinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko malipo yako yote. Piga picha ya rekodi zote kabla ya kugusa kitu. Siku mbili kabla, shusha TTL, muda ambao rekodi ya zamani hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya, hadi 300, ambayo ni sekunde, ili mabadiliko yasambae kwa dakika badala ya kusubiri siku nzima. Hamisha asubuhi ya Jumanne au Jumatano, usihamishe Ijumaa jioni.

Fomu ya mawasiliano nayo ina mtego wake. Fundi huiweka itume barua ikionekana imetoka kwa mgeni mwenyewe. Seva ya barua inaona seva yako inajifanya Gmail, inaitupa. Anwani ya mtumaji iwe ya kikoa cha kampuni, na ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya kujibu. Jaribu fomu kwa anwani tatu tofauti, na uangalie hadi kwenye kapu la taka. Namba za pasipoti zisiombwe kwenye fomu hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze anazikusanya kwa nini na azilinde. Omba jina, barua pepe, tarehe ya safari na idadi ya watu. Vingine vitafuata akishaweka nafasi.

Cheti cha usalama, kile kinacholeta `https`, ni bure kupitia Let's Encrypt. Asikuuzie mtu kwa biashara ndogo.

Bei, mkataba na msimu

Usitaje bei kwa kusikia fulani anatoza kiasi gani. Piga hesabu. Tuseme unataka kubaki na shilingi 800,000 kwa mwezi na una saa 80 za kazi ya kulipwa, kwa kuwa muda mwingine unakwenda kwenye kutafuta wateja na kujifunza. Saa moja ni shilingi 10,000. Tovuti ya kurasa sita: saa 8 za kumhoji mteja na kukusanya maandishi, 4 za kuchora mpangilio kwenye karatasi, 20 za kujenga, 5 za picha, 4 za majaribio, 3 za kumfundisha na kukabidhi. Jumla 44, sawa na 440,000. Kikoa na hostingi (nafasi ya kuhifadhi tovuti kwenye seva) mteja alipie kando, moja kwa moja kwa mwuzaji. Kazi mbili za mwanzo zitakuchukua mara mbili ya saa hizo. Usimtoze mteja muda wako wa kujifunza.

Mkataba uwe wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, umetiwa sahihi kabla ya kugusa kompyuta. Uandike idadi ya kurasa, nani ataleta maandishi na picha na kwa tarehe gani, mizunguko miwili ya marekebisho, na malipo: asilimia 50 mwanzo, 30 mteja akiikubali tovuti kwenye anwani ya majaribio, 20 siku ya kuipandisha. Tarehe ya maandishi ndiyo kifungu cha maana kuliko vyote. Kazi nyingi hukwama kwa sababu bosi ameahidi “maelezo nitakutumia” na hajatuma. Usiyasubiri. Mwombe saa moja, mrekodi kwa ridhaa yake akijibu yale maswali kumi, ukaandike wewe, yeye asahihishe. Hapa umri unakusaidia: mwenye kampuni wa miaka 55 atazungumza kwa utulivu na mtu wa rika lake, na hataona aibu kusema hajui hostingi ni nini.

Soma kalenda ya mji. Utalii hupanda Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Masika ya Aprili na Mei ofisi za safari zinakuwa tulivu, na huo ndio wakati wa kujenga upya tovuti. Lakini mwezi huohuo fedha zimekauka. Peleka pendekezo lako Februari au mwanzoni mwa Machi na uchukue malipo ya awali hapo, kazi ifanyike masika, tovuti ipande kabla ya Juni. Shule binafsi zinazopokea wanafunzi Januari, zifuate kati ya Juni na Agosti ili tovuti iwe tayari wazazi wanapoanza kuulizia nafasi.

Chukua TIN kutoka TRA mapema, na usajili jina la biashara BRELA, jambo linalofanyika mtandaoni. Leseni ya biashara ni ya halmashauri: Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi. Kampuni au shule ikikulipa huduma, inaweza kukata asilimia 5 kama kodi ya zuio. Hiyo ni kodi yako iliyolipwa mapema, kwa hiyo dai cheti chake cha zuio kila mara na ukiweke kwenye faili.

Siku ya kukabidhi, nenda ofisini kwa mteja, kaa na mtu atakayeitunza tovuti, naye ndiye ashike mausi. Abadilishe bei moja, aweke picha moja, ajitumie fomu moja. Mwachie karatasi yenye vitu vinne: kikoa kimesajiliwa wapi na kinaisha lini, hostingi iko wapi, nakala ya tovuti iko wapi, na namba yako. Nywila zisiandikwe humo. Ziweke kwenye programu ya kutunza nywila iliyo kwenye simu ya mwenye kampuni, na uhakikishe ameifungua mwenyewe mara moja kabla hujatoka mlangoni.